Kitambaa cha pamba kinachozuia bakteria hata baada ya kufuliwa: mwongozo kamili kwa karakana ndogo ya Dodoma

Kufanya kitambaa cha pamba kizuie bakteria siku ya kwanza si kazi. Kichovye kwenye maji ya majani ya mwarobaini, au hata kwenye siki tupu, kikaushe, kipeleke maabara, na majibu yatakuja ya kupendeza. Shida inaanza kitambaa kinapoingia kwenye beseni. Kikishafuliwa mara tatu nne, dawa imekwenda na povu, na mteja amebaki na foronya kama foronya nyingine yoyote, ila hii aliinunua kwa bei ya juu.

Mwongozo huu ni kwa mwenye karakana ya ushonaji, kikundi cha wajasiriamali au mwanafunzi wa kemia anayetaka kutengeneza kitambaa kinachodumu. Nitaeleza njia moja kwa kina: kitosani (dawa itokanayo na maganda ya kamba na kaa wa majini) iliyofungwa kwenye pamba kwa asidi ya sitriki. Nyingine nitazipitia haraka tu, ili ujue kwa nini sikuzichagua.

Anzia kwenye beseni

Kabla hujanunua gramu moja ya kemikali, andika kwenye daftari: ni bidhaa gani, itafuliwa na nani, kwa sabuni gani, kwa maji gani, na itaanikwa wapi.

Huku Dodoma majibu ya maswali hayo yana uzito wake. Maji ya visima vyetu mengi ni magumu. Tazama tu ukoko mweupe ndani ya birika. Sabuni ya mche ikikutana na maji hayo hutoa utando unaonata, na utando huo ukikaa juu ya uzi huifunika dawa hata kama dawa yenyewe haijatoka. Sabuni ya unga nayo ina lake. Viambato vyake vya kusafishia vina chaji hasi, wakati dawa nyingi zinazodumu kwenye kitambaa, kitosani ikiwemo, hufanya kazi kwa chaji chanya. Zikikutana zinashikana, na dawa inaishiwa nguvu ikiwa bado ipo mahali pake. Ongeza jiki, ongeza kufikicha kwa mikono, ongeza jua la Septemba, utaona kwamba bakteria ndio adui mdogo kuliko wote katika hadithi hii.

Ndiyo maana mashuka ya hospitali, ambayo kila mtu huyafikiria kwanza, siyashauri kwa njia hii. Hufuliwa kwa maji ya moto, tena kwa magadi na jiki, na kifungo cha esta (muungano wa asidi na pamba) tutakachokitengeneza hapa hukatwa na alkali ya moto. Anza na vitu vinavyofuliwa kawaida: aproni za mama lishe, taulo ndogo za jasho, soksi, bitana za kofia na viatu, foronya. Taulo za kike za kufua na nguo za watoto wachanga ziache kabisa mpaka uwe na vipimo vya usalama wa ngozi mkononi. Zinagusa sehemu nyeti kwa saa nyingi, na bakteria wengine wa mwilini wana kazi yao.

Dawa ipi, na kwa nini

Pamba safi ni karibu yote selulosi, na selulosi imejaa vikundi vya haidroksili (oksijeni iliyoshikana na haidrojeni). Hivyo ndivyo vinavyofanya pamba inywe jasho, na jasho lililochanganyika na mafuta ya ngozi ni chakula cha bakteria. Lakini vikundi hivyohivyo ndio mlango wetu. Kemikali iliyoungana navyo kwa kifungo cha kweli haitoki kwa kusuuzwa. Iliyolala juu tu hutoka.

Kitosani hutengenezwa kutokana na maganda ya kamba na kaa. Kwenye hali ya asidi kidogo, vikundi vyake vya amino (vyenye naitrojeni) hubeba chaji chanya. Uso wa bakteria una chaji hasi, basi kitosani huung'ang'ania na kuuvuruga hadi vilivyomo ndani vivuje. Tatizo ni kwamba kitosani peke yake haishiki pamba kwa nguvu. Inahitaji mshenga, naye ni asidi ya sitriki, ileile inayotiwa kwenye juisi na jamu. Ina vikundi vitatu vya kaboksili, yaani vya asidi. Ikipata joto la kutosha na kichocheo, hugeuka kuwa anhidridi (umbo lililopoteza maji, lenye hamu ya kuungana), ikashika pamba upande mmoja na kitosani upande wa pili.

Chembe za fedha zinaua bakteria vizuri sana, ila hufanya kitambaa cheupe kiwe cha manjano au kahawia, na maji ya kisima yenye chumvi huigeuza chumvi ya fedha kuwa tope la kloridi kabla haijafika kwenye uzi. Trikilosani, dawa nyingine ya kuua bakteria, niiache: mwaka 2016 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilizuia isitumike kwenye sabuni za kunawa zinazouzwa kwa watu wa kawaida, na sioni sababu ya kuanza biashara na kitu ambacho wengine wanakitoa. N-halamini ni kemia ya kuvutia kwa vitambaa vya hospitali, kwa sababu hubeba klorini inayoua bakteria, na ikiisha huchajiwa upya kwa jiki. Lakini malighafi zake si za kupata kirahisi. Zipo pia chumvi za amonia zenye silani, yaani zenye kiunganishi cha silikoni, ambazo huunganika na pamba kwa joto dogo la nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi. Kama huna kifaa cha kufikisha nyuzi 160 ambazo njia ya kitosani inazihitaji, hiyo ndiyo njia yako mbadala. Nyingi huuzwa zikiwa ndani ya methanoli, ambayo ni sumu na huwaka, basi zifungue mahali penye hewa na mbali na jiko.

Mwarobaini? Maji ya majani yake yana nguvu fulani, lakini hayana cha kushikia kwenye pamba. Usijipe moyo.

Zabibu siwezi kuzipita nikiwa Dodoma. Mvinyo ukishakamuliwa hubaki makapi ya maganda na mbegu, na yana tanini nyingi. Tanini hupenda protini, pamba haina, kwa hiyo kwa kawaida utahitaji shabu ili ishike, na hata hapo hudumu kiasi tu. Ila kitambaa kilichokwisha kupakwa kitosani hunywa tanini vizuri zaidi kuliko pamba tupu, kwa sababu ya zile amino. Kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti, hapo pana chakula. Kwa anayetaka kuuza mwezi ujao, bado, kwa sababu tanini hukalia zilezile chaji tunazozitegemea, na rangi yake ya udongo hubadilika juani.

Vya kuandaa

Kitosani inunue, usiitengeneze. Kuitoa kwenye maganda kunahitaji asidi ya hidrokloriki, kisha kostiki soda ya asilimia 40 hadi 50 iliyochemshwa kwa saa kadhaa. Hiyo si kazi ya uani. Unaponunua uliza mambo mawili: kiwango cha kuondolewa asetili (kinachoonyesha amino ngapi ziko huru) kiwe asilimia 85 au zaidi, na uzito wa molekuli uwe mdogo, maana molekuli ndefu hubaki juu ya uzi na kukifanya kitambaa kiwe kigumu kama kilichotiwa wanga mwingi.

Kichocheo ni sodiamu haipofosfaiti. Yumkini utaagiza kutoka Dar es Salaam. Nunua kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kama Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inavyotaka, na udai karatasi ya usalama. Kemikali hii ni tulivu kwenye joto la kazi yetu, lakini ikipashwa kupita kiasi hutoa fosfini, gesi yenye sumu kali. Usivuke nyuzi 180 kwa sababu yoyote, wala usiihifadhi jirani na jiki au mbolea za naitreti.

Maji yasiwe ya kisima. Wakati wa masika kinga maji ya bati, yale ya baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Kiangazi nunua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta. Soma chupa mara mbili: asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo, na ni asidi ya salfuriki.

Vingine ni mizani inayosoma gramu moja au chini yake, karatasi za pH (za kupimia ukali wa asidi au alkali), beseni za plastiki, sufuria ya chuma kisichoshika kutu (ya aluminiamu italiwa na kostiki), mashine ya kukamulia yenye roli mbili, glavu, miwani na barakoa. Kwa joto, oveni yenye feni ni bora. Hata hivyo, karakana nyingi mjini tayari zina hiti presi ya kuchapishia fulana, nayo inafaa sana kwa vipande vidogo. Pasi ya nyumbani usiihangaikie: ikiwekwa kwenye alama ya pamba hucheza hadi kukaribia nyuzi 200, na joto lake halisawaziki.

Bunduki ya kupimia joto iwe ya viwandani. Zile za kupimia homa kwenye paji la uso husoma kiwango cha mwili tu, hazitakuambia lolote kuhusu 160.

Kusafisha kitambaa: hapa ndipo wengi hula hasara

Marekani, ile pamba isiyopaushwa, ina nta ya asili na mara nyingi wanga uliotiwa kiwandani ili nyuzi zisikatike. Bafta imeshapaushwa lakini inaweza kuwa na wanga wa kuipa uzito dukani. Vyote viwili huzuia kitosani isiufikie uzi. Ukiiunganisha dawa juu ya wanga, umeiunganisha na wanga, na wanga ukitoka unatoka nayo.

Kipime kwanza. Dondosha iodini kutoka duka la dawa juu ya kona ya kitambaa. Ikigeuka bluu inayokaribia nyeusi, wanga upo. Kuutoa, kimeng'enya cha amilase kinafaa, na hapa Kanda ya Kati tunacho bila kuagiza: kimea cha mtama. Kabla ya vimeng'enya vya kisasa, viwanda vya nguo vilitumia kimea kwa kazi hiyohiyo. Koroga vijiko viwili vya unga wa kimea kwa kila lita ya maji yenye nyuzi 55 hadi 60, acha dakika 20, chuja kwa kitambaa chepesi, kisha loweka pamba humo kwa saa moja na nusu huku ukilinda joto lisipande. Maji yakichemka kimeng'enya kimekufa. Suuza kwa maji ya moto, rudia iodini. Ikibaki na rangi yake ya kahawia, endelea.

Sasa nta. Kwa kila kilo ya kitambaa tumia lita 20 za maji, gramu 10 za kostiki soda kwa lita, na gramu 2 kwa lita za sabuni ya maji isiyo na chaji. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye kostiki. Chemsha. Vitabu vingi husema saa moja, lakini viliandikwa na watu wa pwani: Dodoma ipo takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Fanya saa moja na nusu. Kitambaa kibaki kimezama muda wote. Sehemu inayochungulia hewani ikiwa na kostiki ya moto huungua kidogokidogo bila kuonekana, kisha huchanika mapema.

Suuza kwa maji ya moto, halafu ya baridi, halafu maji yenye siki kidogo hadi karatasi ya pH isome 6 au 7. Kausha. Dondosha tone la maji kutoka urefu wa sentimita moja. Likinywewa ndani ya sekunde moja au mbili, kitambaa kiko tayari. Likikaa juu kama shanga, rudi kwenye sufuria. Usidanganyike na sehemu moja. Jaribu katikati, pembeni na kwenye mkunjo.

Kuchanganya

Kwa lita moja ya mchanganyiko:

- kitosani, gramu 10
- asidi ya sitriki, gramu 70
- sodiamu haipofosfaiti, gramu 40
- sabuni ya maji isiyo na chaji, gramu 1
- maji ya mvua au ya betri, hadi itimie lita moja

Piga hesabu kabla. Tuseme una mita 10 za kitambaa chenye upana wa mita 1.5 na uzito wa gramu 150 kwa mita ya mraba. Hicho ni gramu 2,250. Baada ya kukamuliwa kitabeba maji ya asilimia 85 ya uzito wake, yaani lita 1.9 hivi. Weka na lita moja ya kubaki kwenye beseni. Changanya lita tatu. Kitosani itakayobaki kwenye pamba ni asilimia 0.85 ya uzito wa kitambaa, kiasi cha kutosha kuanzia.

Pasha robo tatu ya maji hadi nyuzi 40. Yeyusha asidi ya sitriki yote kwanza, kwa sababu kitosani haiyeyuki kwenye maji matupu. Kisha nyunyiza kitosani kidogokidogo huku unakoroga, kama unavyotia unga wa uji. Ukiimwaga yote kwa mara moja utapata mabonge yenye kiini kikavu ambayo hayatayeyuka hata ukoroge hadi usiku. Koroga saa mbili au tatu, chuja kwenye kitambaa chepesi, ndipo uongeze kichocheo na sabuni, na umalizie maji. Kioevu kiwe kizito kidogo, chenye rangi ya chai hafifu, kisicho na mawingu.

Tumia siku hiyohiyo. Kikilala kwenye asidi, minyororo ya kitosani hukatika na nguvu yake hupungua.

Kuchovya na kukamua

Chovya kitambaa dakika mbili, pitisha kwenye roli, chovya tena, pitisha tena. Mara ya kwanza hufukuza hewa iliyojificha kati ya nyuzi, ya pili ndiyo inayoweka dawa sawasawa. Kukamua kwa mikono kunaacha mabaka: mahali uliposokota pana dawa kidogo, penye mkunjo pana nyingi, na baada ya joto mabaka hayo huonekana kama madoa ya manjano.

Pima uzito kila mara. Kipande kilichoingia kikiwa na gramu 100 kitoke na 180 hadi 190. Kikizidi, kaza roli. Kikipungua, legeza. Andika.

Kukausha na kuivisha

Hatua hizi mbili zina kazi tofauti. Kukausha huondoa maji. Kuivisha hutengeneza kifungo. Anayeziunganisha huishia na dawa iliyopikwa ndani ya mvuke bila kushika chochote.

Kausha kwenye nyuzi 80 hadi 90, dakika tano hivi kwenye oveni. Kiangazi chetu ni kikavu sana, kati ya Juni na Oktoba unaweza kukausha kivulini kwa muda mfupi, lakini kitandaze kwenye wavu, usikitundike kwenye kamba. Kikitundikwa, mchanganyiko hushuka na pindo la chini linabeba dawa maradufu. Upepo wa Dodoma nao una vumbi jekundu, kwa hiyo kausha ndani.

Kuivisha ni nyuzi 160 hadi 170 kwa dakika tatu ndani ya oveni, ukihesabu tangu kitambaa chenyewe kilipofika joto hilo, si tangu ulipofunga mlango. Namba iliyoandikwa kwenye kitufe cha oveni usiiamini. Pima juu ya kitambaa. Kwa hiti presi, joto hupenya haraka zaidi, hivyo anza na 160 kwa sekunde 90, weka karatasi ya kuokea juu na chini, kisha ongeza sekunde 15 kwenye kipande kingine, na kingine, ukilinganisha rangi. Sehemu zinazofuatana zipishane sentimita moja. Fungua madirisha.

Hapa kuna mvutano ambao hauishi, na lazima uchague upande. Joto jingi hutengeneza vifungo vingi, lakini pia hugeuza sehemu ya asidi ya sitriki kuwa asidi ya akonitiki, ambayo ndiyo chanzo cha umanjano, na asidi ikiwa moto hukata minyororo ya selulosi yenyewe. Kitambaa kupoteza robo au hata theluthi ya nguvu yake ya kuvutwa si ajabu kwa njia hii. Mimi huchagua 160, kitambaa kizito kidogo, na rangi ya khaki au ya bluu badala ya nyeupe. Anayetaka foronya nyeupe kabisa atumie asidi ya butani tetrakaboksili badala ya sitriki. Haileti umanjano huo, ila bei yake itakufanya ufikiri upya.

Kufua mara ya kwanza, kabla ya kipimo chochote

Kitambaa kilichotoka kwenye joto kimejaa asidi ambayo haikushika popote. Kifue kwa maji vuguvugu yenye sabuni isiyo na chaji na gramu 1 ya magadi soda kwa lita, dakika kumi. Suuza mara mbili. Ya mwisho iwe maji yenye kijiko kimoja cha siki kwa lita, ili amino za kitosani zipate tena chaji yake. Anika kivulini.

Usiruke hatua hii, maana ndiyo chanzo cha majibu mengi ya uongo kwenye kazi za aina hii. Asidi ya sitriki iliyobaki huua bakteria yenyewe. Ukipeleka maabara kipande ambacho hakijafuliwa, utaambiwa asilimia 99.9, utafurahi, kumbe umepima limau.

Kupima kama dawa bado ipo

Kwa karakana, rangi ya chakula inatosha kuanza. Rangi nyekundu nyingi za chakula za dukani zina chaji hasi, hivyo hushikwa na kitosani. Tia robo kijiko cha chai cha rangi ya chakula ya kimiminika kwenye nusu lita ya maji vuguvugu yenye kijiko cha siki. Tumbukiza vipande viwili vya ukubwa sawa, kimoja kilichotibiwa na kimoja cha pamba tupu, dakika kumi, kisha suuza hadi maji yawe meupe. Pamba tupu hurudi karibu nyeupe. Kilichotibiwa hubaki na waridi iliyokolea, na kama kuna mabaka, utayaona kwa macho matupu. Hifadhi kipande hicho kwenye daftari. Fua kitambaa mara tano, kata kipande kingine, kitie rangi vilevile, kibandike pembeni. Endelea hadi 10, 15, 20. Safu hiyo ya vipande inayopauka taratibu itakuonyesha udumifu kuliko maneno ya muuza kemikali yeyote.

Fua kwa njia mbili sambamba. Njia ya kwanza ni ya kiwango cha kimataifa cha ufuaji, kama ISO 105-C06, ukipata maabara yenye mashine. Ya pili ni ya nyumbani: maji ya bomba la mtaani kwako, sabuni ya mche, kufikicha kwa mikono, kuanika juani. Ya pili ndiyo itakayokuaibisha, basi iheshimu. Kipande kikionyesha bado kina rangi nzuri lakini maabara ikasema bakteria hawapungui, shuku ule utando wa sabuni. Suuza kwa maji ya siki, kisha upime tena.

Kipimo cha bakteria chenyewe usikifanye nyumbani. Kuotesha *Staphylococcus aureus* jikoni ni kuleta maradhi. Zungumza na maabara ya mikrobiolojia ya chuo. Mjini tuna Chuo Kikuu cha Dodoma, na mtu mwenye mpango ulioandikwa vizuri husikilizwa. Omba kipimo cha kuhesabu, kama AATCC 100 au ISO 20743, kwa *Staphylococcus aureus* na kwa *Escherichia coli* au *Klebsiella pneumoniae*. Kile cha kuweka kitambaa juu ya agari (ute mgumu wa kuoteshea bakteria) na kutazama duara safi pembeni hakikufai. Duara hutokea dawa inapovuja kutoka kwenye kitambaa, nasi tumehangaika kote huku ili isivuje. Kitambaa kizuri cha aina hii hakina duara lolote. Bakteria hufa au kukwama pale wanapogusana nacho.

Peleka vipande vya aina tatu: pamba safi isiyotibiwa, pamba iliyotiwa asidi na kichocheo bila kitosani, na iliyotibiwa kikamilifu. Kila aina iwe na kilichofuliwa mara moja, mara 10 na mara 20. Bila ile aina ya pili huwezi kusema ni kitosani iliyofanya kazi. Majibu yakija kwa kipimo cha ISO 20743, thamani ya 2 hadi chini ya 3 huhesabiwa kuwa na nguvu ya kutosha, 3 na zaidi ni nguvu kubwa. 2 maana yake bakteria wamepungua kwa asilimia 99, na 3 ni 99.9.

Mambo yakiharibika

Kitambaa kimekuwa kigumu: kitosani ni nyingi au molekuli zake ni ndefu, shuka hadi gramu 5 kwa lita, au kifue na kukisugua kikiwa kimelowa. Kinachanika kirahisi: joto au muda umezidi, au kilichungulia hewani wakati wa kostiki. Rangi ya chakula inashika vizuri siku ya kwanza na kutoweka baada ya kufua mara tano: hakikuiva. Pima joto la kitambaa upya kabla hujagusa kanuni ya mchanganyiko, kwa kuwa mara nyingi tatizo ni oveni. Mchanganyiko umeganda kama uji wa mlenda: maji yalikuwa na alkali au ulisahau kupima pH, unapaswa kuwa chini ya 4. Rangi ya kitenge imebadilika: baadhi ya rangi hazivumilii asidi ya moto, jaribu kona kwanza.

Mabaki ya mchanganyiko usiyamwage mtaroni yakiwa na asidi. Tia magadi soda taratibu hadi pH ifike 7 au 8. Kitosani itaganda na kuwa madonge meupe. Yachuje kwa kitambaa na uyazike, maji yaliyobaki yapunguze makali kwa maji mengi.

Unapotaka kuuza

Ongea na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, mapema kuhusu viwango vya nguo, kabla hujachapisha lebo. Maneno yako yawe ya kitambaa, si ya mwili: andika kwamba kinapunguza ukuaji wa bakteria kwenye kitambaa na harufu inayotokana nao. Ukiandika kwamba kinatibu fangasi au kinazuia maambukizi, umeingia kwenye eneo la TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na watataka ushahidi ambao safu ya vipande vya waridi haiwezi kuutoa. Taja pia kwamba dawa imetokana na maganda ya kamba na kaa, kwa ajili ya wenye mzio.

Chini yake weka maelekezo ya kufua: maji ya baridi au vuguvugu, sabuni ya maji, usichemshe, usitie jiki, suuza ya mwisho kwa maji yenye kijiko cha siki, anika kivulini. Na uandike idadi ya kufuliwa ambayo maabara imeipima. Kama ni 15, iandike 15, hata kama jirani yako sokoni ameandika 50.